Modeli ya mkono, atlasi au programu ya simu: ninunue ipi kusomea misuli na neva?

MwanaChumbageni
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Somo la anatomia limenikaba, hasa hapa kwenye misuli na neva zake. Nikifunika daftari tu majina yanachanganyikana, sijui tena neva ipi inaendesha msuli upi. Nataka kununua kitu kimoja cha kunisaidia na vilivyopo ni vitatu. Kuna dada anauza modeli ya plastiki ya mkono mzima, kuanzia bega hadi ncha za vidole, misuli inabanduka. Kuna atlasi ya rangi iliyokwishatumika, kurasa zote zipo. Na kuna programu ya simu ya kulipia, mwili mzima unauzungusha kwa kidole. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi? Mwenye modeli anataka jibu wiki hii, kuna mtu wa Muheza naye anaitolea macho.

Tabibu_Pwani
Umeleta nusu ya swali. Unasoma uuguzi, utabibu, fiziotherapia au biolojia ya kidato cha sita? Mtihani wenu ni wa kuandika au wa kuzunguka vituo mkitaja kilichowekewa pini? Bei za hivyo vitu ni kiasi gani? Simu yako ina nafasi? Hatuwezi kukushauri gizani.

MamaZuberi
Atlasi, mwanangu. Haihitaji chaji, haihitaji bando, na ukimaliza unamuuzia mwingine.

Kijana_wa_Makorora
Programu, bila kufikiri mara mbili. Unaondoa ngozi, unaondoa deltoidi, ule msuli wa bega, unaona kilicho chini yake. Ukurasa wa kitabu haukupi hiyo.

BiMkufunzi
Nimefundisha wauguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo naomba nisikilizwe kwenye hili la modeli. Modeli si mbaya wala si nzuri mpaka uikague. Mwambie dada akuonyeshe upande wa ndani wa mkono wa juu. Pale kuna msuli mdogo, korakobrakialisi. Neva ya muskulokutaneasi inatakiwa kuutoboa msuli huo na kupita katikati yake, kisha ishuke kati ya baisepsi na brakialisi. Neva hiyo ndiyo inayoendesha misuli yote hiyo mitatu ya mbele. Kama mtengenezaji ameilaza tu juu ya msuli, jua kwingine pia amelipua kazi. Baada ya hapo geuza kiwiko: neva ya ulna lazima ipite nyuma ya kifundo cha ndani cha humerasi, yaani mfupa wa mkono wa juu, pale pale ukijigonga unaposikia ganzi inakimbilia kidole cha mwisho. Halafu tazama nyuma ya humerasi kama neva ya radiali inauzunguka mfupa. Ikifaulu hayo matatu, nunua.

MwanaChumbageni
Shikamoo Bi Mkufunzi, nimeyaandika yote. Tabibu_Pwani, niko utabibu ngazi ya diploma, mwaka wa kwanza. Mtihani uko wa kuandika na wa vituo pia. Modeli 250,000, atlasi 70,000, programu 95,000 kwa mwaka. Nina 140,000 mkononi.

Tabibu_Pwani
Sasa ndiyo tunaongea. Modeli imekupita kwa 110,000, hapo labda mchange. Na muhula huu mnafanya mkono peke yake au na mguu?

MwanaChumbageni
Mkono na mguu.

Tabibu_Pwani
Basi modeli ya mkono inakuacha nusu njia. Neva ya siatiki utaisomea wapi? Hiyo ndiyo nene kuliko zote mwilini, inaundwa na mizizi ya neva ya uti wa mgongo L4 hadi S3, inapita kwenye kitako na kuendesha misuli ya nyuma ya paja, na karibu na goti inagawanyika kuwa ya tibia na ya fibula. Wewe utachoma watu sindano za kitako. Usipojua inapopita utamlemaza mtoto wa mtu. Ndiyo maana tunafundishwa robo ya juu ya nje. Huwezi kutumia fedha yote kwenye bega.

BuchaMgandini
Mimi si mtu wa hospitali, nauza nyama, lakini wanafunzi wa vyuo vya afya huja kwangu na nimekuwa nikiwasikiliza. Nunua mguu wa nyuma wa mbuzi, mwambie muuzaji asiukate kwa shoka. Ukifika nyumbani osha, weka mezani, chukua kisu kidogo. Kwanza utaona ngozi nyeupe nyembamba imefunika nyama, ivute itoke. Kisha tenganisha nyama kubwa ya nyuma ya paja kwa vidole, usiikate, ina njia yake. Ndani kabisa kuna kamba nyeupe imelala, imara, haivutiki wala haina damu ndani. Hiyo ndiyo siatiki mnayoitaja. Ukimaliza, mboga ipo.

Fizio_Raskazone
BuchaMgandini ameniwahi. Hiyo ngozi nyeupe ni fasia, na kwa somo la tishu unganishi hakuna plastiki inayofikia nyama halisi. Kila uzi mmoja wa msuli umevishwa endomisiamu. Nyuzi nyingi zinakusanywa kwenye fungu lenye perimisiamu, hizo ndizo chembe unazoziona ukichambua nyama iliyoiva vizuri. Mafungu yote yanafunikwa na epimisiamu. Watu wengi hapa hukosea wakidhani kano imebandikwa kwenye mwisho wa msuli. Hapana, zile sanda tatu zinaendelea, zinaungana, zinakuwa kano, na kano inajifuma ndani ya ganda la mfupa na mfupa wenyewe. Ndiyo maana mtu akishtua msuli kwa nguvu, mara nyingine kano haikatiki, inang'oa kipande cha mfupa. Ukishika mguu wa mbuzi ukavuta kano ya kisigino uone kwato inavyonyooka, hutasahau tena. Modeli inakuonyesha rangi tu.

MamaZuberi
Na supu ya makongoro ule mnato wake unatoka huko huko kwenye kano?

Fizio_Raskazone
Ndiyo mama. Kano na ligamenti, zile zinazounga mfupa na mfupa, zimejaa kolajeni. Ukichemsha muda mrefu inalainika na kuwa jelatini, ikipoa inaganda.

Kijana_wa_Makorora
Jamani, mtihani ni wa binadamu. Mbuzi hana mtulinga. Baisepsi ya mbuzi ina kichwa kimoja, ya mtu ina viwili, na jina lenyewe limetokana na hivyo viwili. Mnampeleka mwenzenu akajibu mambo ya machinjioni.

BuchaMgandini
Nimesema mguu wa nyuma, sikusema bega.

Fizio_Raskazone
Makorora, hilo la mtulinga na baisepsi ni kweli kabisa na nakuunga mkono. Mbuzi ni kwa ajili ya kujua tishu inavyohisi mkononi: neva ni ipi, ateri ni ipi, kano ni ipi, fasia ni ipi. Majina ayatoe kwenye atlasi.

Dogo_Usagara
Niwasimulie yaliyotupata sisi kuhusu modeli, maana naona mnaiongelea kama vile zote ni sawa. Tulikuwa chumba kimoja hosteli, tukachanga. Tuliona tangazo mtandaoni, muuzaji yuko Dar, picha safi: neva njano, ateri nyekundu, vena bluu. Tukatuma fedha, mzigo ukaja kwa basi. Kufungua boksi, neva na kano zimepakwa rangi ileile ya maziwa. Pale kwenye kiganja huwezi kujua neva ya mediani ni ipi na kano za kukunja vidole ni zipi, na humo kwenye njia ya kifundo cha mkono neva hiyo inapita pamoja na kano tisa. Sasa tisa na moja zote rangi moja, utajifunza nini? Karatasi ya namba iliyokuja nayo ilikuwa ya modeli nyingine kabisa. Namba iliyoandikwa deltoidi imebandikwa kwenye msuli wa kigasha. Lakini lililotuumiza zaidi ni neva ya radiali. Kwenye ile plastiki ilishuka upande wa ndani, sambamba na ya ulna, ikaishia karibu na kiwiko. Haikuzunguka nyuma ya humerasi hata kidogo. Tukaisoma hivyo muhula mzima kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tunaishika kila usiku. Siku ya vituo tukakuta mkono halisi uliopasuliwa, pini iko kwenye neva nyuma ya mfupa. Chumba kizima tukaandika vingine. Mkufunzi alituambia neno ambalo nalibeba mpaka leo: mgonjwa akivunjika humerasi katikati, neva hiyo ndiyo ya kwanza kuiulizia, maana ikiumia kiganja kinaning'inia na hawezi kukinyanyua. Muuzaji tulipompigia alisema modeli zote ndivyo zilivyo, kisha simu ikawa haipokelewi. Nakuomba ndugu yangu, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Usitoe hata senti kabla hujaishika kwa mikono yako.

BiMkufunzi
Pole sana mwanangu. Ndiyo maana nilisema mkague kwanza.

Kijana_wa_Makorora
Na hii ndiyo sababu nasema programu. Ukipata hitilafu wanasahihisha.

Tabibu_Pwani
Programu nzuri, ila ina shida moja niliyoiona kwa wanafunzi ninaowasimamia. Kwenye kioo wanazungusha, wanagusa, jina linatokea lenyewe. Wakisimama mbele ya mgonjwa hakuna jina linalotokea. Mimi sikununua chochote kati ya hivyo. Nilitumia kalamu na mwili wangu. Kunja kiwiko, geuza kiganja juu na chini, sikia baisepsi inavyokaza unapogeuza juu, kwa sababu kazi yake si kukunja tu. Gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho kisha kunja kifundo: kano inayoinuka katikati ni ya palmarisi ndefu, na neva ya mediani iko jirani yake. Baadhi ya watu hawana huo msuli kabisa na mkono unafanya kazi vilevile. Mwanafunzi aliyeyaona haya kwa wenzake bwenini hababaiki.

MwanaChumbageni
Nimejaribu sasa hivi, mkono wa kulia inainuka, wa kushoto hakuna kitu! Ni ugonjwa?

Tabibu_Pwani
Si ugonjwa. Ni maumbile, lala usingizi.

BiMkufunzi
Na kwa pleksasi ya brakiali, ule mtandao wa neva zinazoenda mkononi, usitegemee chochote cha kununua. Chukua karatasi ya manila, chora mwenyewe: mizizi 5 kutoka C5 hadi T1, vigogo 3, migawanyiko 6, kamba 3, matawi makuu 5. Bandika ukutani juu ya kitanda. Chora, bandua, chora tena bila kutazama. Wanafunzi wangu waliofanya hivyo niliwajua kwa karatasi zao za majibu.

Baiskeli_Pongwe
Samahani kuingilia. Naona hapa kuna wataalamu. Mimi naendesha baisikeli Pongwe hadi mjini kila siku na mizigo. Kidole cha mwisho na nusu ya kile kinachofuata vinakufa ganzi, mikono yote miwili. Mtu wa kukanda ameniambia ni damu imeganda. Ni kweli?

Fizio_Raskazone
Hiyo nusu ya kidole uliyoitaja imesema mengi. Kidole cha mwisho na nusu ya cha pete ni eneo la neva ya ulna. Ukiegemea usukani muda mrefu, kitako cha kiganja upande wa kidole cha mwisho kinabanwa, na neva iko pale pale chini ya ngozi. Funga vishikio kwa kitambaa kinene au raba laini, badilisha mkao wa mikono njiani, pandisha usukani kidogo ili uzito usiende wote mbele. Usikandwe kwa nguvu hapo. Neva hiyo inaendesha misuli mingi midogo ya kiganja, kwa hiyo ukiona huwezi kutanua vidole au nyama kati ya gumba na shahada inabonyea, usisubiri, nenda hospitali wakupime.

Baiskeli_Pongwe
Kubonyea bado. Kutanua natanua. Nitafunga raba leo. Asante sana daktari.

MamaZuberi
Tanga nzima tunaendesha baisikeli, hili lilipaswa kutangazwa misikitini na makanisani.

Dogo_Usagara
Je, na miguu kufa ganzi ukikaa mkao wa kukunja nne?

Tabibu_Pwani
Hiyo mara nyingi ni neva ya fibula, inazunguka shingo ya mfupa wa fibula upande wa nje chini ya goti. Iko juu juu, inabanwa kirahisi. Hata POP, yaani plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, ikikazwa sana pale, mgonjwa anaamka unyayo hauinuki. Turudi kwenye mada lakini, huyu ndugu ana siku chache.

Kijana_wa_Makorora
Nabaki palepale. Programu 95,000, inabaki 45,000 ya daftari na manila ya Bi Mkufunzi. Ila hajasema simu yake.

MwanaChumbageni
Simu ina GB 16, imebaki kama 2 hivi.

Kijana_wa_Makorora
Hapo haiingii. Futa video.

BuchaMgandini
Atlasi 70,000, mguu wa mbuzi, na chenji inabaki. Mimi nimemaliza.

MwanaChumbageni
Wenzangu wawili wamekubali kuchangia modeli lakini kila mmoja anataka ikae chumbani kwake wiki ya mtihani, hapo hatujaelewana. Dada amesema nikaione kesho jioni karibu na Mkwakwani. Naenda na orodha ya Bi Mkufunzi. Nikikuta neva ya radiali haizunguki mfupa narudi na fedha yangu.

BiMkufunzi
Nenda kukiwa na mwanga wa kutosha, na usiibandue misuli yote kwa pamoja, vishikizo vya plastiki huvunjika.

Mgeni_Amboni
Ile atlasi ya 70,000 bado ipo? Mwenyewe yuko maeneo gani? Nipo mwaka wa pili uuguzi, kama hamuichukui naomba mniunganishe naye.