CGeog, GISP au usajili wa nyumbani: mwanajiografia aanze na ipi?

MtoWaMsimbazi: Ndugu zangu, nilisomea jiografia Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa sita Leeds, katika kampuni ya ushauri inayotathmini hatari za mafuriko. Nataka ithibati ya kitaaluma, lakini njia ni tatu na fedha ni za kuhesabu. Kuna CGeog (Chartered Geographer), hadhi ya mwanajiografia aliyethibitishwa kitaaluma, inayotolewa na Royal Geographical Society ya London tangu 2002. Kuna GISP ya Marekani, cheti cha wataalamu wa GIS, yaani mifumo ya kompyuta ya taarifa za kijiografia na ramani. Na kuna kusajiliwa nyumbani kama mtaalamu wa mazingira, kwa kuwa nakusudia kurudi. Walionitangulia mnanishauri nini?

BintiPangani: Kaka, mimi nina CGeog, na naipendekeza kwa sababu inapima uanajiografia wako mzima badala ya programu unayoitumia. Utatakiwa kuwa mwanachama wa ngazi ya Fellow, kuandika maelezo ya kazi ulizofanya na kuwa na wadhamini wa kitaaluma. Ukishaipata, kila mwaka unaweka kumbukumbu za namna unavyojiendeleza. Asiye na shahada hafungiwi mlango, ila hutakiwa kuwa na uzoefu mrefu zaidi.

Kilichonitesa ni yale maelezo. Niliandika Kiingereza kwa adabu ya Kiswahili: tulipima, tulichora, tulishauri, kama tulivyolelewa kutojitanguliza mbele za watu. Mwenzangu aliyenisomea rasimu alipigia mstari kila "tu" na kuandika pembeni swali lile lile kurasa nne mfululizo: "Wewe ulifanya nini?" Nilikaa wiki tatu nikifukua barua pepe za zamani ili niweze kujibu kwa ukweli.

Mchoraramani: Kama siku yako yote inaishia kwenye data za ramani, usiidharau GISP. Inataka uzoefu wa miaka minne, jalada linaloonyesha elimu yako, kazi zako na mchango wako katika taaluma, ahadi ya kufuata maadili, na tangu 2015 mtihani pia. Huhuishwa kila miaka mitatu. Mimi naupenda ule mtihani, kwa kuwa haumuulizi mtu anafahamiana na nani, na sisi tuliofanya kazi wilayani peke yetu kwa miaka mingi tunajua ugumu wa kumpata mdhamini anayeielewa kazi yetu.

MzeeWaMabonde: Mwanangu, tofautisha hadhi na ruhusa ya kufanya kazi. Tanzania, anayefanya tathmini ya athari kwa mazingira anatakiwa awe amesajiliwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kenya nako, sheria yao ya 1999 inadai jambo hilo hilo. Ukitua hapa na herufi za London baada ya jina lako bila usajili, ripoti utaiandika wewe na saini ataiweka mwingine. Mipango miji nayo ina bodi yake, kwa hiyo usidhani jiografia itakuingiza huko moja kwa moja. Ushauri wangu ni kwamba, kama tarehe ya kurudi unaijua, uanze na usajili.

BintiPangani: Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu saini, lakini kaka bado yuko Leeds, na mashahidi wa miaka yake sita wako huko huko. Wasimamizi huhama na miradi hufungwa, na mtu akishaondoka ni vigumu kumwomba athibitishe kazi ya mwaka wa pili. Usajili wa nyumbani utamsubiri, mashahidi hawatamsubiri.

MtoWaMsimbazi: Marahaba ya Mzee sitaipokea mimi, ila nampa shikamoo yangu na shukrani. Kurudi ni miaka miwili ijayo, kwa hiyo naanza na CGeog, kisha nitaandaa nyaraka za usajili mwaka mmoja kabla ya safari. GISP naiweka kando, kwa kuwa ramani kwangu ni chombo tu cha kazi ya mito. Jana usiku nimefungua daftari, na mstari wa kwanza unasomeka: "Nilipima upya kimo cha tuta la mto, peke yangu, siku mbili, baada ya kuona kwamba takwimu za zamani zilitangulia ukarabati." Dada BintiPangani, nikifikisha kurasa nne, nakuomba unisomee.