Naomba vitabu vya maisha ya watu, vya kweli

Ukili wa Wete: Assalaam alaykum jamani. Nataka vitabu vya maisha ya kweli, si riwaya, vya Kiswahili ikiwezekana. Naandika maisha ya bibi yangu, kila nikifika kati nakwama. Usingizi siupati.

Mzee wa Darajani: Waalaykum salaam. Anza na Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Mwimbaji wa taarab huyo, mtoto wa Fumba, kauza vyungu, mwaka 1928 akaenda kurikodiwa Bombay. Kisha Maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa: alieleza mwenyewe kwa Kiswahili, Heinrich Brode akayatia herufi za Kirumi. Mie nilikisoma nikiwa mchukuzi bandarini Malindi, kurasa mbili mbili saa ya chakula, mpaka jalada likashika harufu ya karafuu.

Ukhti Mkoani: Mwanangu, hujasema unakwama wapi. Bibi yu hai? Karidhia?

Ukili wa Wete: Alifariki Mfunguo Tatu, Mungu amrehemu. Alinieleza mwenyewe, sauti ninayo kwenye simu.

Baharia Nungwi: Wangu mie hata picha hataki. Ukitoa simu anajifunika kanga!

Ukhti Mkoani: Nimeuliza, karidhia?

Ukili wa Wete: Kuna sura moja. Alikuwa na mume kabla ya babu. Baba na ami zangu hawajui. Alinambia, "Hili liishie ukumbini hapa." Lakini bila hilo maisha yake hayaeleweki! Na mpiga chapa nimeshampa nusu ya pesa. Mbona Bibi Salme, binti Sultani wa Zanzibar, kitabuni mwake alieleza ya jumba zima la Mtoni, tena mwaka 1886?

Mzee wa Darajani: Salme alikuwa akiwaandikia wanawe, mambo yake mwenyewe. Alijifundisha kuandika kwa siri, ananakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Wewe unasema ya mwenzio, na mwenzio alikwishakuwekea mpaka.

Baharia Nungwi: Alokufa hawezi kukukataza mara ya pili. Futa.

Mwana wa Chake: Mie siamini. Kwanza vitabu, mara mpiga chapa, mara mume wa siri. Mtu katunga hadithi, anaijaribu kwetu kabla hajaiuza.

Ukili wa Wete: Wallahi si uongo. Siku ile alikuwa anasuka ukili, miyaa inasikika ikikwaruza muda wote. Alipolitaja jina la yule mume mkwaruzo ukakatika. Nimehesabu, sekunde 11. Ndipo akasema hilo la ukumbini, akaendelea kusuka.

Mwana wa Chake: Niwie radhi. Hilo la miyaa mtu hatungi.

Ukhti Mkoani: Asubuhi mpigie mpiga chapa, asianze.

Ukili wa Wete: Nitampigia. Ila sura sijaifuta.

Baharia Nungwi: Mzee, hicho cha Siti ukimaliza nacho niazime.