Tunaruka miaka 30 kwenye kampeni, mhusika wa mwenzetu atakuwa mzee, nimuue kwa dadu au nifanyeje?

masta_usiku:
Wakuu habari zenu. Mi ndo geimu masta (anayeendesha mchezo) wa kundi la watu wanne, tunacheza D&D, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni kwa dadu, toleo la tano (la 2014), kampeni iko mwaka wa pili sasa na ile vita kubwa imeisha juzi. Nataka turuke miaka 30 mbele kwasababu yule mfalme waliyempigania mpaka akakalia kiti sasa ameshakuwa dikteta, asa nataka warudi wakutane na kazi ya mikono yao wenyewe.

Shida ni umri, maana wahusika ni wa jamii tofauti na kila jamii ina urefu wake wa kuishi. Kuna elfi wa miaka 140, kwake miaka 30 ni kama likizo. Kuna dwafu wa miaka 60, atakuwa 90, hajafika hata nusu ya safari. Kuna nusu-oki wa miaka 19, atakuwa 49, huyo bado anajikongoja. Alafu kuna Korva, binadamu, jemadari, ana 44. Piga hesabu mwenyewe. Miaka 74! Na mwenye Korva ndo mchezaji anayempenda mhusika wake kuliko wote mezani, amemchorea mpaka picha ya kovu la shavuni.

Nimepekua kitabu cha sheria za mchezo, hamna sheria yoyote ya kupunguza nguvu kwa uzee, kinasema tu binadamu anaishi chini ya karne moja basi. Kwahiyo nauliza, mnarusha dadu kila mwaka kuona kama mzee amekufa? Mnamkata nguvu? Au mnajifanya hamjaona?

kete_mbili:
Mkuu toleo la 3.5 lilikuwa na jedwali lake kabisa la hayo mambo. Binadamu akifika 35 anapoteza pointi 1 kwenye nguvu, wepesi na ustahimilivu, anapata 1 kwenye akili, busara na mvuto. Akifika 53 anapoteza 2 nyingine, akifika 70 anapoteza 3 nyingine, na kila mara ile 1 ya kichwani inaongezeka. Kwahiyo Korva wako kwa hesabu hiyo ana -6 mwilini na +3 kichwani, kuishi kwingi kuona mengi ndo hiyo sasa imewekwa kwenye namba.

Na kifo kilikuwemo. Ukifika 70 masta anarusha kwa siri dadu mbili za pande 20, jumla anaiongeza kwenye 70, huo ndo mwisho wako, mchezaji haambiwi. Yaani anayebahatika anafika 110 na mwenye mkosi anaondoka na 72.

Lakini nikwambie ukweli, sisi ile sheria ilituharibia meza. Mpiganaji akizeeka anakuwa mzigo, mchawi akizeeka anakuwa hatari zaidi kwasababu yeye anaishi kwa akili, nguvu za mwili hazimhusu. Matokeo yake kila anayetaka mchawi anakuja na kikongwe wa miaka 70 toka siku ya kwanza, kundi zima limejaa ndevu nyeupe na mikongojo. Tuliifuta.

upanga_butu:
Afadhali hiyo ya jedwali. Kwenye toleo la kwanza la AD&D (D&D ya zamani) ukipigwa uchawi wa kuongeza kasi unazeeka mwaka mzima, kila ukipigwa! Yani mchawi wa kundi lako anakusaidia vitani huku anakusogeza kaburini, na unatakiwa umshukuru.

mrithi_wa_tatu:
Mi nadhani unauliza swali la pili kabla ya la kwanza. Sio "atakufa vipi", ni "nani anafuata baada yake".

Tulicheza Pendragon muda mrefu, ule mchezo wa mashujaa wa Mfalme Arthur alioutunga Greg Stafford, umetoka 1985. Kule kawaida ni safari moja kwa mwaka, alafu inakuja awamu ya majira ya baridi, hapo ndo unaangalia mashamba, farasi, ndoa, watoto, na ukishafika 35 unarusha dadu ya uzee kila mwaka. Namba za sifa zako, kama nguvu na wepesi, zinaanza kumegeka moja moja, ikishuka mpaka 3 huamki tena kitandani, ikifika 0 ndo basi. Inaonekana ni ukatili ila haiumi kivile, kwasababu wakati baba anamegeka mtoto ulishamzaa kwenye mchezo miaka 15 nyuma, unamjua jina, unajua alivyolelewa, unamsubiri kwa hamu. Ile kampeni kubwa yao inaanza mwaka 485 inaisha 566, hamna shujaa wa kawaida anayeimaliza peke yake, ukitaka kufika mwisho lazima uwe na ukoo. Na mtoto anarithi sehemu ya umaarufu wa baba, maana mtoto wa nyoka ni nyoka.

Sasa wewe unaruka miaka 30 kwa mkupuo, Korva alikuwa anafanya nini muda wote huo? Ana mtoto? Ana kijana aliyemfundisha upanga? Muulize mwenyewe kwanza kabla hujagusa dadu.

sitaki_dadu:
Dadu hapana. Dadu ni ya vitu ambavyo mchezaji amechagua kuhatarisha, umeruka shimo ukaanguka sawa ulijua, ila kuzeeka ni wewe masta umeamua peke yako kuruka miaka, yeye hajaruka kitu. Ukimuua kwa dadu hapo umemuua wewe. Muulize anataka Korva afe lini na wapi, akisema hataki afe, basi hafi, mzee wa 74 sio maiti bwana. Ng'ombe hazeeki maini.

masta_usiku:
@sitaki_dadu nilishamgusia kidogo, alichosema ni "asife tu kitandani". Sasa hapo ndo nikakwama zaidi.

Swali lingine, akifa wenzake si watataka kumfufua? Dwafu wetu ni kasisi na levo imeshapanda.

kete_mbili:
Hapo kitabu kimekulinda. Uchawi mkubwa wa ufufuo unarudisha hata aliyekufa miaka 100 iliyopita, ule mkubwa kuliko wote miaka 200, lakini yote miwili haimrudishi aliyekufa kwa uzee. Imeandikwa wazi. Mhusika wa aina ya mtawa akifika levo ya 15 naye haonyeshi udhaifu wa uzee ila siku yake ikifika anakwenda kama wengine.

Mianya ipo lakini. Kuna dawa ya maji inapunguza umri kwa miaka 6 na matokeo ya dadu ya pande 6, ila kila ukiirudia nafasi ya kukugeuka ikakuzeesha inapanda kwa asilimia 10. Na mchawi mkubwa anaweza kuotesha mwili wake mwingine, mchanga, kwenye chombo, unakomaa siku 120, akifa roho inahamia huko. Ukiwa na mchezaji mjanja jiandae.

bibi_mganga:
Niongee kama mchezaji maana mnaongea mamasta watupu. Mi nilikuwa na mhusika bibi wa dawa za miti, amefika 79 tukaelewana na masta kwamba huu ndo mwaka wake. Akanipa kikao kizima. Sikupigana na mtu, nilizunguka kijiji nagawa vitu, sufuria kwa huyu, kisu kwa yule, na ile siri ya kundi nikamwachia mtu ambaye wenzangu walikuwa hawamwamini, walikasirika kwelikweli na mi nikawa nacheka tu kwasababu nakufa, watanifanya nini. Alikufa kwenye kiti nje ya mlango. Sio kitandani, kwahiyo mwambie jamaa yako inawezekana bila hata vita.

Kosa letu lilikuwa moja, sikuwa na mhusika mwingine. Vikao viwili nimekaa naangalia wenzangu wanacheza, nakula kwa mikono miwili. Mwanafunzi wako, yule utakayemcheza baada ya mzee, anatakiwa awe ameshaingia mezani vikao vitatu nyuma, wenzako wameshamzoea, ndo mzee aondoke.

masta_usiku:
Nimempigia simu jana usiku tumeongea saa nzima. Korva yupo hai, 74, hatapunguzwa namba yoyote ila hawezi kukimbia na hawezi kuvaa deraya nzito zaidi ya pigano moja kwa siku, hilo amelitunga mwenyewe. Ana mjukuu wa kike anayembebea ngao. Atakufa kwenye kampeni hii, mahali anapajua yeye na mimi tu.

upanga_butu:
Safi. Na farasi wa yule elfi?

masta_usiku:
Farasi gani

upanga_butu:
Si ulituambia kwenye uzi wa mwaka jana elfi ana farasi aliyemlea toka mtoto, anaongea naye. Farasi anaishi miaka 25, 30 akitunzwa vizuri. Mkuu umeruka 30.

masta_usiku:
Daah. Na yeye ndo aliyekuwa anasema kuruka miaka hakumhusu.