Naombeni ushauri: benki inataka tathmini ya hatari za tabianchi kwa magodauni yetu

Mhasibu Kijana: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya kusambaza vyakula hapa Dar. Tumeomba kuongezewa mkopo, benki ikatuletea fomu: kila eneo letu lielezwe hatari zake, za ghafla kama mafuriko na za polepole kama joto. Wanasema ni mwongozo wa Benki Kuu wa 2022. Mkaguzi naye anaitaja IFRS S2, kile kiwango cha kimataifa cha kuripoti hatari za tabianchi. Tuna magodauni Vingunguti, Mbagala, Kibaha na Morogoro. Nimetumia ramani za bure za mtandaoni, yote manne yametoka "hatari ndogo". Inatosha, au nitafute mtaalamu? Mwisho ni Ijumaa. Silali.

Mama Nafaka: Pole mwanangu. Mvua za El Niño za 1997 zilinikuta na stoo ya mahindi. Gunia la chini likilowa, la juu linavunda kwa mvuke. Usiangalie maji tu, angalia na paa linavyohifadhi joto.

Mtu wa Tozo: Waliochafua hewa ni wengine, fomu tunajaza sisi!

Fundi Ramani: Mkuu, koordineti, yaani namba za mahali kwenye ramani, umeandika desimali ngapi? Na Vingunguti ni upande wa barabarani au wa Mto Msimbazi?

Mhasibu Kijana: Desimali mbili. Upande wa bondeni kidogo.

Fundi Ramani: Hapo ndipo penye tatizo. Hatua ya nyuzi 0.01 ni kama kilomita 1.1, kwa hiyo ukikadiria unaweza kukosea zaidi ya nusu kilomita. Kwa Vingunguti hiyo ndiyo tofauti ya mlimani na mtoni. Andika desimali tano, kisha linganisha na ramani za Ramani Huria, ambazo zilichorwa na vijana wakipita mtaa kwa mtaa. Maji yamewahi kuingia?

Mhasibu Kijana: Swali langu lilikuwa kuhusu mtaalamu, mkuu.

Fundi Ramani: Na mimi nimekuuliza la maji.

Mhasibu Kijana: Yaliingia masika ya 2018. Kiunoni. Sukari na unga vyote vilikwenda. Ila tumeinua sakafu tangu hapo, na kuna mradi wa kupunguza mafuriko Bonde la Msimbazi, kwa hiyo sikuona sababu ya kufukua ya zamani. Rasimu bosi anayo, na mkataba wa pango wa miaka 10 unasubiri saini. Godauni lile nililitafuta mimi. Nikiandika "hatari kubwa" nitaonekanaje?

Chombezo: Kama mabasi ya mwendokasi yaliogelea Jangwani, sukari ni nani? Nunueni mtumbwi.

Dada wa Bima: Chombezo, mwenzio halali. Mdogo wangu, mafuriko ya "mara moja kwa miaka 100" maana yake ni asilimia 1 kila mwaka. Yakiwa ya mara moja kwa miaka 10, ndani ya mkataba wako uwezekano wa kuyaona walau mara moja ni kama asilimia 65. IFRS S2 inataka kiasi na asilimia ya mali zilizo hatarini, kwa hiyo mzigo wa Vingunguti lazima uhesabiwe. Sakafu iliyoinuliwa iandike pia, na kimo chake. Halafu pima umbali hadi mtoni: sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60.

Jicho Kali: Hii chai. Mhasibu gani asahau hasara ya sukari? Huyu mwanafunzi anatafutiwa majibu ya tasnifu. Akaunti yenyewe ya juzi.

Mtu wa Tozo: Hata mimi nilishtuka.

Mhasibu Kijana: Akaunti ni ya juzi kwa sababu naogopa wa kazini wataniona. Hasara sikuisahau. Babu mlinzi alichora mstari wa mkaa ukutani maji yalipofika, na mwaka jana tulipopaka rangi alikataa usifutwe. Nilimwambia mafundi wapange mashelfu mbele yake. Mimi ndiye niliyesema.

Jicho Kali: Sawa, nimekuelewa. Toka sakafu mpya hadi mstari ni kiasi gani?

Mhasibu Kijana: Sijawahi kupima.

Dada wa Bima: Hicho ndicho kipimo cha kwanza benki watakachokitaka. Muombe bosi airudishe rasimu kabla ya saini.

Mhasibu Kijana: Nimeshamtumia ujumbe. Kesho saa moja asubuhi niko Vingunguti na futi, babu atanisaidia kusogeza mashelfu.