Ukuta wa zahanati mita 24, mikono mingi: tupangeje itoke picha moja?

Brashi_Raskazone

Wakuu, salaam. Tumekubaliwa kwa mdomo kuchora ukuta wa uzio wa zahanati ya kata hapa Tanga. Urefu mita 24, kimo mita 2.6, tofali za saruji zenye lipu ya zamani, na chokaa imepakwa juu yake miaka nenda rudi. Unatazama magharibi, upande wa barabara. Chini ukuta unatoa chumvi na lipu inabanduka hadi kama sentimita 40 kutoka ardhini.

Watakaoshiriki ni wachoraji watatu wa mtindo wa Tingatinga, mbunifu mmoja wa mabango anayefanyia kazi kwenye kompyuta, kina mama watano wasukaji wa mikeka na wanafunzi 40 wa darasa la tano na la sita. Mada ni safari ya mama mjamzito, tangu hudhurio la kwanza la kliniki hadi chanjo za mtoto.

Naomba msaada kwenye mambo haya: rangi kiasi gani, kazi igawanywe vipi isije ikawa kila kundi na kipande chake, hiyo chumvi ifanywe nini, na karatasi zipi ziandikwe kabla ya kuanza.

---

FundiLipu

Anza na ukuta, picha itasubiri. Bandika selotepu pana juu ya chokaa, isugue kwa kidole, kisha ing'oe kwa nguvu. Ikitoka na unga mweupe, rangi yoyote utakayopaka itashika unga badala ya kushika lipu, na mvua za kwanza zitaishusha vipande vipande. Hapo hakuna njia ya mkato. Kwangua kwa skrepa, piga brashi ya waya, osha, acha ukauke siku mbili tatu, rudia selotepu. Ikitoka safi, ndipo praima ya ukuta, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha zinazofuata.

Chumvi isiondolewe kwa maji, maana maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Ipige kwa brashi kavu, uikusanye, ukaitupe mbali. Chanzo chake ni unyevu wa ardhini unaopanda kwenye tofali, na pwani hii mara nyingi mchanga wa lipu wenyewe ulichotwa ufukweni bila kuoshwa. Maji yakikauka nyuma ya rangi, chumvi hujenga fuwele na kuisukuma rangi nje. Kwa hiyo rangi ya plastiki kule chini haizuii kitu: inaufungia unyevu, nao unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Mwisho unaikuta chumvi katikati ya picha.

Bandua lipu iliyooza hadi tofali, kimo cha sentimita 60 ukuta mzima. Piga lipu mpya ya chokaa kwa mchanga wa mto, moja kwa tatu, bila saruji. Huo ukanda wa chini upake chokaa tu ili ukuta upumue. Chimbua pia udongo ulioegemea ukuta, umwage kokoto upana wa nusu mita. Bila hivyo matone ya mvua yatarusha tope kwenye kazi yenu kila masika.

Fundi akikwambia alainishe ukuta kwa unga wa jipsam, mkatalie. Jipsam ni ya ndani. Nje inanyonya maji na kuwa laini.

---

MpigaMiraba

Nakubaliana na FundiLipu, na hizo sentimita 60 zinakupa hesabu nzuri. Picha inabaki na kimo cha mita 2 juu ya ukanda. Gawa kwa miraba ya sentimita 50: safu 48 kwa mistari 4, jumla miraba 192. Mchoro wa karatasi uwe mmoja kwa kumi, yaani sentimita 240 kwa 20, na kila mraba wa karatasi sentimita 5. Safu zipe namba 1 hadi 48, mistari herufi A hadi D kuanzia juu. Piga mistari kwa uzi wa chaki, si penseli nzito, kwa sababu penseli huonekana chini ya njano. Usitegemee sakafu kupata usawa, barabara nyingi zinashuka. Tumia mpira wa maji, ule mrija angavu ambao maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja.

Kugawa kazi: usimpe mtu kipande, mpe tabaka. Mbunifu na wachoraji wapange pamoja mchoro mmoja wa karatasi. Wachoraji wauhamishie ukutani kwa chaki. Wanafunzi wajaze rangi bapa kwenye mistari C na D, ambayo iko kati ya sentimita 60 na 160, kimo chao hasa. Watu wazima wajaze A na B juu ya mabenchi imara. Baadaye wachoraji warudi ukuta mzima na mistari, madoa, macho, nyuzi za nguo. Mkono unaomalizia ukiwa mmoja, jicho la mpita njia halioni pale watoto walipotetereka. Ukianza kwa kugawa vipande, kila mchoraji atachora jua lake.

Mtu mmoja na nusu mita inabanwa, kwa hiyo hesabu mita 1.5 hadi 2 kwa kila mmoja: wanafunzi 12 kwa wakati mmoja, basi. Zamu ya dakika 45 inatosha. Baada ya hapo rangi inakwenda kwenye shati la jirani.

Rangi: praima inafunika kama mita 8 za mraba kwa lita kwenye lipu kavu, na picha ni mita 48 za mraba, kwa hiyo lita 6, nunua galoni mbili za lita 4. Nyeupe ya maji ya nje, mikono miwili (yaani kupaka mara mbili), lita 10 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inabakiza nusu ya kuchanganyia. Halafu galoni moja moja ya nyekundu, bluu, njano na nyeusi zilizotengenezwa kiwandani. Usijaribu kupata nyekundu kali kwa kumwaga rangi za chupa kwenye nyeupe. Utapata waridi, ukizidisha itagoma kukauka.

Mchague mtu mmoja tu wa kuchanganya. Kila rangi ichanganywe mara moja, yote. Mfano bahari ya mita 12 za mraba: mara mikono miwili, gawa kwa 10, ni lita 2.4, ongeza sehemu ya tano, changanya lita 3. Rangi iliyochanganywa Jumatatu haifanani na ya Jumatano hata ukipima kwa kijiko. Kinachobaki, nusu lita ya kila rangi, kifungwe kwenye kopo lenye jina kwa ajili ya ukarabati.

---

Mwanaukili

Kina mama wa mikeka msiwaite siku ya mwisho kushika brashi, dada au kaka. Nakshi ya ukili, ule mkanda uliosukwa unaoshonwa kuwa mkeka, ndiyo inayofaa huo ukanda wa chini, na wao ndio wabunifu wake.

Msipige picha ukili na kuikuza, kamera inapinda mistari. Msukaji ahesabu macho, yaani pale miyaa (nyuzi za majani ya mkindu) inapopishana, kwenye nakshi moja mpaka inapojirudia. Ikiwa inajirudia kila macho 16, na kila jicho mkalifanya almasi yenye ulalo wa sentimita 2.5, nakshi moja ina sentimita 40, na mara 60 inajaza mita 24 bila kubaki kipande. Ikiwa inajirudia kila 14, badilisheni ukubwa wa jicho hadi igawanyike. Hesabu hii ifanyike mezani. Ukiifanya ukutani, kona ya mwisho itakuwa na nusu nakshi na kila mtu ataiona.

Kateni stenseli kwenye plastiki ngumu ya majalada ya faili. Kila rangi na stenseli yake, zote zikiwa na matundu mawili ya kulinganishia pembeni. Gongeni kwa sponji iliyokaribia kukauka. Brashi yenye rangi nyingi inapenyeza chini ya ukingo, na almasi inakuwa doa.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Mimi chokaa chini siiafiki. Ukuta wa barabarani watu wanaegemea na kukaa, ikiwachafua nguo watalalamika kwa mganga. Pakeni rangi ya maji ya nje tu.

---

FundiLipu

Chokaa inayochafua ni ile iliyokorogwa asubuhi na kupakwa mchana. Loweka tangu usiku, chuja, lowesha ukuta kabla ya kila mkono, paka mikono mitatu miembamba badala ya mmoja mzito. Mfuko wa kilo 25 unatosha na kubaki kwa mita 14.4 za mraba. Chokaa ya nakshi ikoroge nzito kama uji wa mgonjwa, na rangi ya unga ya saruji isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa. Nyekundu ya udongo na nyeusi zinashika. Za kung'aa hazivumilii chokaa. Itachakaa, ndiyo. Lakini stenseli ipo, kila baada ya masika mnarudia ukanda peke yake bila kugusa picha. Watoto wasishike chokaa mbichi, inaunguza macho.

---

Brashi_Raskazone

Asanteni sana. Wachoraji wetu wanauliza kama wanaweza kutumia rangi ya mafuta waliyoizoea, wanasema ya maji haing'ai.

---

MpigaMiraba

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, alitumia rangi ya mafuta ya baiskeli, lakini juu ya mbao za silingi, na mbao haina magadi wala haipandishi unyevu. Lipu ya saruji, hasa ikiwa na unyevu, ina magadi, mafuta yakikutana nayo yanageuka sabuni na rangi inabaki inanata. Wakitaka mng'ao, sura za watu wachore kwenye vipande vya bati au plaiwudi ya baharini, vifungwe ukutani kwa skrubu za chuma cha pua na nafasi ya sentimita 2 nyuma. Kwingine rangi ya maji. Na msimalizie na vanishi ya mafuta, inageuka njano.

Fanyeni kazi asubuhi, ukuta wa magharibi una kivuli hadi adhuhuri. Juni hadi Septemba ndio muda wenu. Ukikaribia Oktoba, vuli inaweza kuwakuta na praima mkononi.

---

Karani_wa_Kata

Ruhusa ya mdomo haitoshi, zahanati ni mali ya halmashauri. Barua iende kwa mkurugenzi kupitia mtendaji wa kata, na mganga mfawidhi asaini nakala ya mchoro, hasa maneno. Ratiba ya chanjo ikibadilika, maneno yaliyoandikwa ukutani yatapotosha, kwa hiyo chora tendo na uache umri na majina ya dawa. Maneno machache yatakayobaki yawe na herufi za sentimita 10. Zinasomeka vizuri kutoka mita 12.

Haki: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu inapoundwa, kusajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya nchi, ni ushahidi wa ziada. Mwenye ukuta si lazima awe mwenye picha. Andikeni ukurasa mmoja: nani mbunifu wa mchoro, nani mbunifu wa nakshi, nani anaruhusiwa kuichapa kwenye fulana au kalenda na mapato yanagawanywaje, nani anakarabati, na notisi ya siku ngapi kabla ukuta haujapakwa upya au kubomolewa. Wasukaji waingie kama wabunifu na walipwe kwa nakshi kando ya posho ya siku. Wote wasaini kabla galoni haijafunguliwa.

Majina ya watu wazima yaandikwe pembeni kwa ukubwa mmoja. Wanafunzi liandikwe jina la shule tu, na picha za mitandaoni zisubiri kibali cha mzazi cha maandishi.