Fundi yule amesaga gramafoni ya babu mpaka shaba imebaki uchi, alafu anasema ni "uchafu"

Bandugu, nimetoka sasa hivi ku atelie ya yule fundi, jina sitaji, hapa Lubumbashi mutu yeyote wa komini ya Kenya mpaka komini ya Katuba anamujua, ule mwenye kibao cha "TUNATENGENEZA YOTE", na mikono ingali inatetemeka hata kuandika ni shida. Nilimupelekea gramafoni ya babu, ile ya kuzungusha na mukono, babu aliinunua muji huu ungali unaitwa Élisabethville, tarumbeta yake ya shaba ya njano kubwa mpaka mutoto anaweza kulala ndani. Kazi niliyomupa ni moja: resori (springi ya ndani) imekatika, abadilishe resori. Kwisha. Tarumbeta nilimwambia apanguse vumbi na kitambaa laini, asiguse kingine.

Leo naingia, anaileta imefunikwa na gazeti, anavuta gazeti sawa mutu anayeonyesha bibi harusi, anapuliza vumbi ya mwisho, anacheka, ananiambia: "Papa, uchafu yote imetoka."

UCHAFU!

Ile rangi ya kahawia iliyoiva miaka na miaka, iliyoshuka polepole kutoka mudomo wa tarumbeta mpaka shingo, ikabaki nyeusi kidogo mule mu mikunjo, ile ndiyo anaita uchafu. Verni (vanishi) ya zamani iliyokuwa juu yake imeenda. Ameipiga na asidi ya bateri kwanza (ameniambia mwenyewe, bila haya!), alafu akawasha mashine ya kusagia chuma, ile ya kukatia fer a beto (nondo), akavalisha kitambaa akasukuma nayo mpaka moto. Bandugu, ile ni bati nyembamba ya shaba, si mulango wa gereji! Pale shingo ilipoungwa na lehemu pamelegea, ukiishika inacheza. Ukingo wa mudomo umekuwa mwembamba mpaka unakata kidole. Na ile kichwa ya sauti yenye sindano, ilikuwa na nikeli nyeupe juu, ameisaga nikeli mpaka njano inachungulia, sasa iko na madoa.

Na kibao! Chini ya sanduku kulikuwa kibao kidogo cha shaba, jina la duka lililoiuza, herufi zimechimbwa na kujazwa rangi nyeusi. Babu alinifundisha kusoma na kibao kile, anashika kidole yangu anakipitisha juu ya herufi moja moja. Nimepitisha kidole leo. Laini. Imebaki herufi moja na nusu kwa pembeni. Na mutu anasimama mbele yangu anacheka "Papa, uchafu yote imetoka", alafu anaongeza makuta (pesa) ya kazi ya kung'arisha, kazi sikumuomba!

Resori hajagusa. Bado imekatika.

Musimupelekee hata kijiko. Huyu mutu ukimupa mwezi atausugua mpaka usiku uishe duniani.

MwanaLikasi: Pole sana Papa. Angalia kama kuna mahali pamekuwa pinki pinki. Shaba ya njano ni shaba nyekundu na zinki, asidi inakula zinki kwanza, shaba nyekundu inabaki juu. Ile pinki haitoki na kitambaa.

Mwenye uzi: Iko! Upande wote wa kushoto! Nilifikiri ni mwangaza wa mulango. Pinki! Na anasema uchafu!

Kadogo_Kamalondo: Hahaha Papa, kitu haijaimba tangu mama yangu angali mutoto, leo unalilia rangi? Mimi ningefurahi, inang'aa, piga foto uweke ku profil.

Mwenye uzi: Kadogo, weye siku watasugua picha ya harusi ya wazazi wako mpaka karatasi ibaki nyeupe, nitakuja kukupongeza kwamba inang'aa.

Kadogo_Kamalondo: Wazazi hawakupiga foto 😂

Profesa_wa_Njia: Samahani, kabla tuendelee. Ni gramafoni ama fonografu? Si kitu kimoja. Fonografu ya Edison ni ya 1877, inapiga silinda. Gramafoni ni ya Berliner, 1887, inapiga santuri ya bapa. Na ile mbwa wa ile picha inayojulikana, anayesikiliza tarumbeta, anaitwa Nipper, muchoraji Francis Barraud alimuchora kwanza mbele ya mashine ya silinda, alafu akabadilisha picha akaweka gramafoni, kampani ikainunua.

Mama_Bukari: Profesa, mutu ameumizwa weye unaleta mbwa.

Mwenye uzi: Ni ya santuri. Na mbwa hana kosa, kosa ni la mwenye mashine ya kusaga.

Yaya_Ruashi: Mimi ule ule fundi (kama ni ule namufikiria, mwenye mulango wa bulu) alinimalizia musalaba wa shaba wa nkambo yangu, ile misalaba ilikuwa franga ya bankambo (wazee wetu wa zamani) mbele Bazungu hawajafika. Ilikuwa ya kijani na kahawia. Alinirudishia nyekundu sawa bomba mupya. Niliionyesha mutu anayejua vitu vya zamani akaniuliza ilimwagwa juzi wapi. Nililia.

Mwenye uzi: Ndiye! Mulango wa bulu! Alikuambia uchafu?

Yaya_Ruashi: Aliniambia "kutu". Shaba iko na kutu?!

MwanaLikasi: Kwa wale bengine, mbele hamjapeleka: angalieni kwanza kama kuna verni. Kama iko, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo inatosha, kausha palepale, usiache maji mu maungo. Kama verni imetoka na shaba imekuwa nyeusi sana, tumia dawa ya kung'arisha kidogo sana na kitambaa ya pamba, mukono tu, na ujue kila ukisugua unatoa shaba kidogo, haitarudi. Mbali na nyuzi za chuma za sufuria. Mbali na ndimu na chumvi ambazo bamama mnapenda. Na dawa zenye amonia siziamini ku shaba ya njano iliyokunjwa, inaweza kupasuka. Mwisho paka nta, na ushike na kitambaa, jasho ya vidole inaacha alama.

Mama_Bukari: Ndimu na chumvi inang'arisha sufuria yangu ya shaba miaka yote.

MwanaLikasi: Sufuria sawa Mama. Sufuria haina kibao cha babu.

Mwenye uzi: Aksanti MwanaLikasi, nimeandika yote. Lakini ile sauti bado iko mu masikio, "Papa, uchafu yote imetoka", na ile kicheko. Mutu anazaliwa mu muji wa mukuba (shaba nyekundu), anakulia chini ya moshi ya mukuba, hajui rangi ya mukuba!

Chance_Kampemba: Bafundi bote ni vile. Mushonaji wangu nilimupa kikwembe (kitenge) ya harusi ya dada, yadi sita, ananirudishia libaya (blauzi) tu, mukono moja mufupi moja murefu, namuuliza yadi zingine ziko wapi anasema kitambaa "ilijikunja".

Mama_Bukari: Ilijikunja!! Ni ule wa karibu na soko?

Chance_Kampemba: Mwenyewe!

Yaya_Ruashi: Muke wake alivaa kikwembe sawa na ile yako jumapili ku misa, nilimuona na macho haya.

Chance_Kampemba: USINIAMBIE. Ya maua ya manjano?

Yaya_Ruashi: Maua ya manjano na ndege wa bulu.

Mwenye uzi: Bandugu, kuna mutu anajua wapi naweza kupata resori?

Chance_Kampemba: Ndege wa bulu ni yangu!! Naenda kwake sasa hivi, nani anatoka nami?

Kadogo_Kamalondo: Mimi niko na pikipiki, nakungoja ku rompwe (mzunguko wa barabara).

Mama_Bukari: Chukueni foto ya ile kikwembe mbele haijabadilishwa pazia.