SELinux au AppArmor: niibane kwa ipi huduma yetu ya kupokea nyaraka?

MkaziWaTudor · Jumatatu, saa 3 usiku

Assalam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, na nitaeleza kwa kirefu kidogo ili msijibu kwa kubahatisha.

Natunza seva za wakala mmoja wa forodha hapa Mombasa. Wateja hututumia ankara na hati za shehena kwa mtandao. Kuna programu ndogo tuliyoandikiwa, jina lake `pokea`. Inasikiliza poti 8095 nyuma ya Nginx (seva ya wavuti), inaweka PDF kwenye `/srv/pokea/nyaraka` na kuandika taarifa zake kwenye PostgreSQL (hifadhidata). Ina mtumiaji wake yenyewe, haiendeshwi na root, yule mtumiaji mkuu.

Mwezi uliopita kuna mtu alipata tundu kwenye sehemu ya kupakia faili. Alituma kitu chenye jina la PDF, programu ikamfungulia shell, yaani akaweza kuandika amri kwenye seva. Ruhusa za kawaida hazikumzuia hata kidogo: mtumiaji wa `pokea` anaweza kusoma `/etc/passwd`, kuandika `/tmp`, kuita `curl` (programu ya kuvuta vitu mtandaoni), na yule jamaa alivifanya vyote vitatu. Tundu tumeliziba, lakini siwezi kulala nikitumaini kwamba hakuna jingine.

Tuna mashine mbili mpya ambazo hazijaanza kazi, AlmaLinux 9 inayokuja na SELinux na Ubuntu 22.04 inayokuja na AppArmor, yaani ulinzi wa ndani ya Linux unaoiwekea kila programu mipaka ya kile inachoruhusiwa kufanya, na bosi anataka nichague moja. Kazi hii naifanya peke yangu. Nikitoka anayebaki ni kijana aliyekuja kwa mazoezi, bado yuko chuo.

FundiChangamwe · Jumatatu, saa 4 usiku

Waaleikum salaam. Ndugu, zima zote mbili. Weka fayawoli, sasisha vifurushi kila wiki, SSH iingiwe kwa funguo tu. Nimekesha sana kwa ajili ya SELinux. Kuna siku nilihamisha tovuti ya mteja kutoka `/home` kwenda `/var/www/html` kwa `mv`, mmiliki sawa, ruhusa sawa, lakini Nginx inarudisha 403, yaani hairuhusiwi. Saa tano nzima. Nilipopiga `setenforce 0`, yaani SELinux isizuie chochote, ikafunguka papo hapo. Tangu hapo hilo ndilo jambo la kwanza ninalofanya.

DadaWaSeva · Jumatatu, saa 4:30 usiku

Mzee Fundi, kwa heshima zote hapo nakupinga. Fayawoli ingemsaidia nini Mkazi? Huyo mtu alipita poti 443, mlango ule ule wa wateja. Alipokuwa ndani alikuwa na haki zote za `pokea`, na swali ni hilo tu: `pokea` iwe na haki gani.

Na kuzima kuna deni lake. Nilirithi seva iliyokuwa imezimwa SELinux miaka miwili. Faili zote zilizoundwa kipindi hicho hazikuwa na lebo. Ili kuirudisha ilibidi niunde `/.autorelabel` na kuwasha mashine upya, nikakaa mbele ya skrini tangu magharibi hadi karibu na alfajiri, diski inapitiwa faili moja baada ya jingine. Kama jambo fulani linakusumbua, toa hilo moja tu. `semanage permissive -a httpd_t` inailegeza Nginx peke yake, sehemu nyingine zote za mashine zinabaki zimebanwa.

Kibokoni_Juu · Jumanne, saa 1 asubuhi

Ile 403 ya Fundi ndiyo tofauti yenyewe ya hizi mbili, basi tuanzie hapo.

Mkazi, wewe ni mtu wa bandari. SELinux inasoma lebo iliyobandikwa kwenye kontena. AppArmor inaangalia kontena limewekwa yadi gani. Ukilihamisha kontena kwa `mv`, lebo inakwenda nalo: faili lililozaliwa `/home` linafika `/var/www/html` bado limeandikwa `user_home_t`, na Nginx haina ruhusa ya kusoma lebo hiyo. Angalia kwa `ls -Z` utaiona. Dawa ni `restorecon -Rv /var/www/html`, sekunde chache. Ungetumia `cp`, nakala mpya ingechukua lebo ya mahali ilipofikia na usingekesha.

AppArmor haina habari ya lebo. Inaandika njia: programu hii isome hapa, iandike pale. Ni rahisi kusoma, ila nayo ina usiku wake. Hamisha data ya MySQL kwenda `/data/mysql` kwenye Ubuntu, mpe mmiliki sahihi, na bado itagoma kuwaka kwa kosa namba 13, kwa sababu profaili, yaani faili la kanuni zake, inaijua `/var/lib/mysql` tu. Nimewaona watu wakipiga `chmod 777` hapo, na haisaidii chochote.

MkaziWaTudor · Jumanne, saa 2 asubuhi

Shukran, mfano wa yadi umeniingia. Sasa, je, nikichukua Alma na kuacha SELinux ilivyokuja, `pokea` itakuwa imebanwa?

DadaWaSeva · Jumanne, saa 2:20 asubuhi

Hapana! Na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. `getenforce` inawajibu `Enforcing`, wanapumua. Piga hii:

`ps -eZ | grep pokea`

Utaona `unconfined_service_t`. Programu yako mwenyewe iliyoko `/usr/local/bin`, ikiwashwa na systemd (msimamizi wa huduma za Linux) bila sera yake, yaani kanuni zake za SELinux, inaangukia hapo, na hapo karibu kila kitu kinaruhusiwa. Ubuntu ni vile vile, programu isiyo na profaili haizuiwi. Kule tumia `aa-unconfined`, inakuorodheshea zinazosikiliza mtandao bila profaili.

Kwa hiyo ukilinganisha, tenga mafungu mawili. Kwa vitu vilivyokuja na mfumo, Alma inashinda mbali: Nginx inaingia kwenye uzio wake `httpd_t`, PostgreSQL inaingia `postgresql_t`, wewe hujaandika mstari. Kwenye Ubuntu Nginx na PostgreSQL zinakuja bila profaili. MySQL inayo, MariaDB ina faili lake lakini limeachwa tupu kwa makusudi. Kwa programu yako mwenyewe, pande zote mbili utakaa chini uandike.

FundiChangamwe · Jumanne, saa 3 asubuhi

Dada, na Kibokoni, nimesoma. `restorecon` sikuijua wakati ule, nakiri. Lakini kuandika sera ya SELinux ya programu mpya si mchezo. Nani amewahi kuifanya hapa?

Kibokoni_Juu · Jumanne, saa 7 mchana

Mimi, mara mbili. Unaanza na `sepolicy generate --init /usr/local/bin/pokea`, inakupa mafaili kadhaa: `.te` ya kanuni, `.fc` ya lebo za njia, `.if`, na skripti ya kujenga. Ndani ya `.te` kuna mstari `permissive pokea_t;`, yaani kwanza inaandika makosa bila kuzuia. Unaiendesha, unasoma makosa hayo kwa `ausearch -m AVC -ts recent`, unaongeza kanuni, na ukiridhika unaufuta mstari huo.

Hatari iko kwa `audit2allow`. Inageuza kila kosa kuwa ruhusa. Kama mvamizi alijaribu kitu wakati unarekodi, umemwandikia kibali. Nilishawahi kukuta sera ambamo huduma ya barua imepewa kusoma `shadow_t`, lebo ya faili la nywila. Aliyeisakinisha hakufungua `.te` hata mara moja.

Jingine: Nginx kwenda poti 8095 itakataliwa, utapata 502, yaani imeshindwa kuifikia `pokea`. Wengi huwasha `httpd_can_network_connect`, ambayo inafungua poti zote. Mimi huipa poti lebo ya `http_port_t` kwa `semanage port`, kisha nawasha `httpd_can_network_relay`, ambayo ni finyu zaidi.

PwaniKusini · Jumanne, saa 9 alasiri

Naongeza AppArmor kwa vitendo, maana ndiyo ninayotumia kila siku. Mkazi, yako ingekuwa hivi, kwenye `/etc/apparmor.d/pokea`:

```
abi <abi/3.0>,
include <tunables/global>

profile pokea /usr/local/bin/pokea {
  include <abstractions/base>
  include <abstractions/nameservice>

  network inet stream,

  /usr/local/bin/pokea mr,
  /etc/pokea/** r,
  /srv/pokea/nyaraka/ r,
  /srv/pokea/nyaraka/** rw,
  /var/log/pokea/*.log w,
  /run/postgresql/.s.PGSQL.5432 rw,
}
```

Tazama kisichokuwepo. Hakuna `x`, ruhusa ya kuendesha programu, popote. Inaandika kwenye `nyaraka` lakini haiwezi kuendesha kilichomo, haiwezi kuita `sh`, haiwezi kuita `curl`. `/tmp` haijatajwa, basi haipo kwake. Kama inahitaji `pdftotext`, ongeza `/usr/bin/pdftotext mrix`, nayo itarithi mipaka hii hii. Usiweke `Ux`, mtoto atatoka nje ya uzio kabisa.

Ipakie kwa `apparmor_parser -r`, iweke `aa-complain` (irekodi makosa bila kuzuia), kisha washa upya huduma. Profaili inaishika programu inapoanza. Iliyokuwa tayari inaendeshwa inabaki huru, na utaona kimya kwenye logi ukadhani mambo ni shwari. Logi iko `journalctl -k`, lakini kama umesakinisha auditd tafuta `/var/log/audit/audit.log`. Nilipoteza asubuhi nzima nikichungulia faili lisilo lake.

MwanaMvita · Jumanne, saa 11 jioni

Vipi kuhusu systemd yenyewe? `ProtectSystem=strict`, `PrivateTmp=yes`, `NoNewPrivileges=yes`, `ReadWritePaths=/srv/pokea /var/log/pokea`. Mistari minne, inafanya kazi kwenye mashine zote mbili.

Na nimesikia AppArmor inaachwa. openSUSE Tumbleweed tangu 2025 inasakinishwa na SELinux.

Kibokoni_Juu · Jumanne, saa 1 usiku

Hiyo minne aiweke leo usiku, wala asingoje. Ila `sh` bado itaitika, hadi aongeze `NoExecPaths=` na `ExecPaths=`. Aione kama ukuta wa pili, si badala.

Kuhusu kuachwa, hapana. Tumbleweed kweli imehama, lakini AppArmor imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, tangu 2.6.36 ya 2010, Ubuntu imeishikilia, na Debian inaiwasha yenyewe tangu toleo la 10, mwaka 2019. Mkazi asichague kwa hofu hiyo.

DadaWaSeva · Jumanne, saa 2 usiku

Mimi bado ningechukua Alma, kwa sababu ya PostgreSQL. Data za wateja ziko mle, na pale inakuja imebanwa bila jasho lako. Lakini Mkazi, mpe yule kijana faili la PwaniKusini na faili la `.te`, muulize kila moja linaruhusu nini.

MkaziWaTudor · Alhamisi, saa 4 usiku

Nimefanya hivyo. La `.te` alilitazama, akaniuliza maswali mazuri, ila hakuweza kuniambia `pokea` inaandika wapi. La AppArmor alinisomea mstari kwa mstari kama risiti. Nimechukua Ubuntu. Dada, hoja yako ya PostgreSQL haijanitoka, profaili yake nitaiandika baada ya hii, na nitarudi hapa kuwasumbua.

Mistari ya systemd iko kazini. Profaili iko kwenye complain.

PwaniKusini · Alhamisi, saa 4:15 usiku

Safi. Usiikaze kabla haijapita mwisho wa mwezi. Kuna kazi zinazoamka mara moja tu.

MkaziWaTudor · wiki tano baadaye, Ijumaa, saa 3 usiku

Wallahi PwaniKusini ulisema kweli, na mimi sikusikia vizuri. Niliikaza baada ya tarehe mosi nikijua mwisho wa mwezi umeshapita salama. Kabla ya kuikaza kazini, niliikaza kwanza kwenye mashine ya majaribio, nikarudisha humo toleo la zamani lenye tundu na kuituma ile ile PDF ya uongo. Hiki ndicho nilichokipata:

`apparmor="DENIED" operation="exec" profile="pokea" name="/usr/bin/dash" comm="pokea" requested_mask="x" denied_mask="x"`

Nilikaa nikautazama mstari huo muda mrefu.

Halafu ikaja tarehe 18. Mhasibu hutoa hesabu za VAT kupitia `pokea` kabla ya tarehe 20, na zinaandikwa `/srv/pokea/hesabu`, folda ambayo sikuitaja popote. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya feri upande wa Likoni. Kijana alinipigia simu, na kabla sijafungua mdomo akasema: "Kaka, imekataliwa kuandika hesabu, nimeona kwenye `journalctl -k`. Niongeze `/srv/pokea/hesabu/** rw` niipakie tena?"

Nikamwambia aongeze. Mhasibu alipata hesabu zake kabla feri haijatia nanga.

FundiChangamwe · Ijumaa, saa 3:30 usiku

Mkazi, huyo kijana akimaliza mazoezi niambie. Na PwaniKusini, nina seva mbili za Debian 12 zenye Postfix, ile ya barua pepe. Nianze wapi?